Kwa nini chumvi huyeyuka majini, lakini mafuta na mchanga havikubali?

Msomaji ameandika: “Chumvi na sukari huyeyuka majini, mafuta na mchanga havikubali. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu huyeyuka ndani ya kitu kinachofanana nacho. Je, hiyo ni sababu, au ni kurudia kwa maneno mengine kile tunachokiona? Chumvi haifanani na maji kwa lolote. Ni fuwele ngumu, na ukitaka kuiyeyusha kwa moto unahitaji nyuzi 801 za Selsiasi. Maji baridi yanaivunjaje kwa dakika chache? Na je, ni kweli kwamba maji ya moto huyeyusha kila kitu zaidi?”

Una haki ya kutoridhika na kanuni hiyo. Inasaidia kukisia, na mara nyingi makisio yake hutoka sawa, lakini haielezi. Inakuonyesha nani huenda na nani, inanyamaza kuhusu kwa nini. Tena inaficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo lote: mafuta na mchanga havikatai kuyeyuka kwa sababu moja. Mchanga unashindikana kwa sababu ya mchanga wenyewe. Mafuta yanashindikana kwa sababu ya maji. Anayeziweka sababu hizi mbili kwenye kapu moja hawezi kuelewa chumvi, wala sukari, wala sabuni.

Tuyatazame maji kwanza. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, nazo hazikukaa kwenye mstari ulionyooka; zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, hivyo upande wake hubeba chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni hubeba chaji chanya kidogo. Kama molekuli ingekuwa imenyooka, mivuto ya pande mbili ingefutana, kama inavyofutana katika kabonidioksidi, na maji yasingekuwa na ncha za umeme. Kupinda huko ndiko kunakoyapa maji tabia karibu zote tunazozijua.

Haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mshikano huo huitwa bondi ya haidrojeni. Ni dhaifu, nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya bondi inayoishika haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli moja, lakini kila molekuli inaweza kushikana hivyo na majirani wapatao wanne. Mishikano hiyo huvunjika na kuundwa upya muda wote, kwa kasi isiyofikirika, na hata hivyo kwa jumla yake inayashika maji barabara. Haidrojeni salfidi ina molekuli iliyopinda vilevile, tena nzito kuliko ya maji, lakini mshikano wake ni hafifu, na huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji yanangoja hadi nyuzi 100.

Kwa hiyo chochote kinachoingizwa majini kinakuta molekuli ambazo tayari zimeshikana. Ili kiyeyuke, lazima mambo matatu yatokee pamoja. Chembe za kitu hicho ziachane. Molekuli za maji ziachane kidogo ili ziipishe nafasi kila chembe inayoingia. Kisha chembe na maji vishikane. Mambo mawili ya kwanza hutumia nishati, la tatu huirudisha. Wengi huishia hapo, wakidhani kinachobaki ni kutoa na kujumlisha. Subiri tuifanye hesabu hiyo kwa chumvi uone inavyokwama.

Fuwele ya chumvi ni mpangilio wa ioni, yaani atomu zilizopoteza au kupata elektroni: za sodiamu zenye chaji chanya na za kloridi zenye chaji hasi, kila moja ikiwa imezungukwa na sita za upande wa pili. Kuziachanisha ioni zote zilizomo katika mole moja ya chumvi (mole ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe; kwa chumvi ni gramu 58.5 hivi) hadi ziwe mbalimbali katika utupu kunagharimu kilojuli 787 hivi. Ni nishati nyingi sana, na ndiyo maana moto wa kawaida wa jikoni hauigeuzi chumvi kuwa kimiminika. Umeuliza maji baridi yanapata wapi nguvu hiyo. Hayahitaji kuwa nayo mapema. Moto hutingisha fuwele nzima mpaka iachie, bila kutoa chochote cha kushika badala yake. Maji hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: kila ioni inayoondoka kwenye uso wa fuwele, papo hapo inapokewa. Molekuli za maji huigeuzia ioni ya sodiamu upande wao wa oksijeni, na ioni ya kloridi huigeuzia upande wa haidrojeni. Ioni inaacha mshiko mmoja huku ikiingia katika mwingine, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye pembe na kingo za fuwele ambako ina majirani wachache.

Nishati inayopatikana kutokana na ioni kuzungukwa na maji karibu iilipe gharama yote ya kuzitenganisha. Karibu, lakini si yote: kwa kila mole kuna upungufu wa kilojuli 4 hivi. Upungufu huo unafidiwa na joto la maji yenyewe, na ukiwa na kipimajoto kizuri utaona maji yakipoa kidogo chumvi inapoyeyuka. Kuna msaada mwingine pia. Ioni zikishatengana, molekuli za maji zilizo kati yao hupunguza mvuto wao kwa wao hadi kufikia sehemu moja ya themanini hivi ya ule ambao ungekuwapo katika utupu. Ndiyo maana zinaweza kuzurura bila kurukiana mara moja na kuunda fuwele tena.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu historia ya jambo hili inanigusa. Wazo kwamba chumvi hugawanyika kuwa ioni pale tu inapoingia majini, hata kama hakuna umeme uliopitishwa, lilianza kujengwa na Svante Arrhenius wa Sweden katika tasnifu yake ya mwaka 1884, akalikamilisha mwaka 1887. Chuo Kikuu cha Uppsala kiliipa tasnifu ile daraja la chini. Wapinzani waliona haiwezekani sodiamu, metali inayolipuka ikigusa maji, iwe imetulia humo pamoja na klorini, gesi yenye sumu. Hawakuwa wamezoea kufikiri kwamba ioni na atomu yake ni vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye ule upungufu wa kilojuli 4. Kama nishati ingekuwa ndiyo hakimu pekee, chumvi isingeyeyuka kiasi cha kutosha kutia ladha. Lakini lita moja ya maji ya joto la kawaida hubeba gramu 360 hivi za chumvi kabla ya kushiba. Mfano wa naitreti ya amonia ni mkali zaidi: kila mole inayoyeyuka hunyonya kilojuli 26 hivi, kiasi kwamba hutumika katika mifuko ya huduma ya kwanza inayopoa ghafla ikiminywa, na bado lita moja ya maji hubeba zaidi ya kilo moja na nusu. Kitu gani kinaisukuma iyeyuke huku ikiingia hasara ya nishati?

Jibu ni idadi ya njia. Ioni iliyo kwenye fuwele ina mahali pamoja pa kukaa. Ioni iliyo majini ina mahali pasipohesabika. Chembe zinazotikisika bila kukoma, zikiachiwa zipite njia zote zinazowezekana, zitaonekana karibu muda wote katika hali zilizo nyingi zaidi, na hali za kutawanyika ni nyingi mno kuliko za kujipanga. Ni jambo lilelile linaloieneza harufu ya manukato chumba kizima bila upepo wala mtu wa kuisukuma. Wanakemia hukipima kipimo hiki cha wingi wa hali na kukiita entropi. Kinaingia katika hesabu pamoja na nishati, na uzito wake huongezeka kadiri halijoto inavyopanda. Kwa hiyo swali sahihi si moja bali mawili: nishati inaongezeka au inapungua kwa kiasi gani, na njia za chembe kujipanga, za kitu kinachoyeyuka na za maji pia, zinaongezeka au zinapungua? Naomba uyashike hayo maneno “na za maji pia”. Yataamua kesi ya mafuta.

Kabla ya mafuta, neno fupi kuhusu chumvi zisizoyeyuka, kwa sababu zinaonyesha jinsi kanuni ya kufanana inavyovuja. Bariamu salfeti ni chumvi, imetengenezwa kwa ioni, ingepaswa kupendana na maji. Lita moja ya maji hubeba miligramu 2 au 3 tu. Ioni zake zina chaji mbilimbili, zinavutana sana, na malipo ya maji hayafikii gharama ya kuziachanisha. Ioni ya bariamu ikiwa huru mwilini ni sumu, lakini hospitalini mgonjwa hunyweshwa bariamu salfeti ili utumbo wake uonekane kwenye eksirei, na haimdhuru kwa sababu inapita na kutoka bila kuyeyuka. Halafu kuna magnesiamu salfeti, ambayo nayo ina chaji mbilimbili, na lita moja hubeba zaidi ya gramu 300. Tofauti yake ni kwamba ioni ya magnesiamu ni ndogo sana, maji huisogelea karibu mno na kuishika kwa nguvu kubwa. Kukisia umumunyifu wa chumvi, yaani kiasi chake ambacho maji yanaweza kubeba, kwa kuangalia upande mmoja wa hesabu ni kubahatisha. Pande zote mbili ni namba kubwa, na jibu ni tofauti ndogo iliyo kati yake.

Sukari haina ioni. Molekuli yake inaingia majini nzima nzima, ndiyo maana maji ya sukari hayapitishi umeme kama yanavyopitisha ya chumvi. Kinachoisaidia ni vikundi vinane vya oksijeni na haidrojeni vilivyotokeza kwenye kila molekuli. Kila kikundi kinaweza kuunda bondi za haidrojeni, kwenye fuwele na molekuli nyingine za sukari, kwenye maji na molekuli za maji. Bondi inayoachwa na bondi inayopatikana ni za namna moja, gharama na malipo vinakaribiana, na kutawanyika kunamaliza kazi. Kilo moja ya maji hubeba kilo mbili hivi za sukari.

Sasa mafuta. Husemwa kwamba mafuta na maji yanachukiana. Nimelikuta neno hilo hata vitabuni, na linapotosha. Molekuli za mafuta na za maji zinavutana. Ukitia tone la mafuta juu ya maji safi, mara nyingi hutandaa badala ya kujikunja liyakwepe. Benjamin Franklin alilijaribu hilo katika bwawa la Clapham, London, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1774: mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalituliza mawimbi madogo ya eneo la karibu nusu ekari. Ukigawa ujazo wa kijiko kwa eneo hilo unapata utando wenye unene wa nanomita 2 au 3, ambao ni urefu wa molekuli moja hivi ya mafuta. Vitu vinavyochukiana havitandikani hivyo. Hata mafuta ya jamii ya haidrokaboni, yaliyoundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, yasiyo na ncha yoyote ya umeme, hugandamana na maji kwa nguvu inayokaribia ile yanayogandamana nayo yenyewe kwa yenyewe.

Chukua butani, haidrokaboni yenye kaboni nne. Wanakemia wamepima joto la kuihamisha kutoka kwenye butani kimiminika hadi majini kwa nyuzi 25. Kwa kila mole, joto kidogo hutoka, kati ya kilojuli 3 na 4. Soma tena namba hiyo ukikumbuka chumvi. Chumvi inapata hasara ya kilojuli 4 na inayeyuka kwa wingi. Butani inapata faida inayokaribia kiasi hicho, na haiyeyuki isipokuwa kidogo sana. Kwa upande wa nishati, mafuta hayana kosa. Kinachoyakatalia kiko mahali pengine.

Kiko kwenye maji. Molekuli ya mafuta haina pa kushikia bondi ya haidrojeni. Molekuli za maji zinazopakana nayo, zikielekeza haidrojeni zake upande huo, zitakuwa zimepoteza bondi bure. Hivyo zinajigeuza, zinapanga mikono yake kuelekea kwenye maji wenzake, na kwa kufanya hivyo huokoa bondi karibu zote. Ndiyo maana nishati haipotei. Lakini zimelipa kwa namna nyingine: uhuru wa kugeuka upande wowote zimeupoteza. Tena kwa kuwa molekuli ya maji ni ndogo, nafasi zilizo wazi kati ya molekuli za maji ni finyu mno, na kupata pengo linalotosha molekuli ya mafuta ni jambo la nadra. Kwa ujumla njia za maji kujipanga zinapungua sana, kuliko zile zinazoongezeka kwa mafuta kutawanyika. Hiyo ndiyo inayoamua. Mafuta yanabaki pembeni kwa sababu maji yakiwa peke yake yana uhuru mwingi zaidi.

Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans walieleza upotevu huu wa uhuru kwa kusema kwamba maji hujenga kitu kama kipande kidogo cha barafu kuzunguka molekuli isiyo na ncha. Picha hiyo imedumu madarasani. Mimi siipendi kama ilivyo, kwa sababu vipimo vya baadaye havikuonyesha barafu halisi pale. Maji hayo ni kimiminika bado, yanabadilishana nafasi na mengine muda wote, ila yamebanwa kidogo katika namna ya kugeuka. Upotevu wa entropi uliopimwa ni wa kweli, na sehemu hiyo ya maelezo yao imesimama.

Jambo hili lina matokeo makubwa kuliko sufuria zenye mafuta. Matone mawili ya mafuta yakikutana huungana, kwa sababu tone moja kubwa lina uso mdogo kuliko matone mawili madogo, na molekuli za maji zilizobanwa zinakuwa chache. Walter Kauzmann, mwaka 1959, alionyesha kwamba msukumo huohuo ni miongoni mwa nguvu kuu zinazoikunja protini mwilini: sehemu zake zilizo kama mafuta hujificha ndani, zile zinazoshikana na maji hubaki nje. Utando unaozunguka kila seli hujipanga kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo ugumu wa mafuta kuyeyuka majini ni sehemu ya namna uhai ulivyojengwa.

Kama unataka kuuona mpaka kati ya kuyeyuka na kutoyeyuka ukisogea mbele ya macho yako, tazama alkoholi. Zote zina kikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni, zinatofautiana kwa urefu wa mkia wa kaboni. Methanoli, ethanoli na propanoli, zenye kaboni moja, mbili na tatu, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Butanoli, yenye nne, inafika gramu 70 na kitu kwa lita, basi. Pentanoli ni gramu 20 na kitu. Heksanoli ni gramu 6 hivi. Oktanoli, yenye kaboni nane, ni nusu gramu. Hakuna mahali ambapo tabia inageuka ghafla; kila kaboni inayoongezwa inapunguza umumunyifu mara kadhaa, kwa sababu inaongeza uso ambao maji lazima yauzunguke. Hapa kanuni yako ya shuleni inapata maana inayostahili: “kufanana” ni uwiano kati ya sehemu zinazoweza kushikana na maji na ukubwa wa sehemu zisizoweza. Sabuni ni mkia mrefu wa namna hii uliofungwa kwenye kichwa chenye chaji. Mikia yake hukusanyika kwenye uchafu wa mafuta, vichwa vikabaki majini, na uchafu ukaondoka bila kuyeyuka kwa maana halisi. Watengenezaji wa dawa nao hutumia mlango huohuo: molekuli isiyoyeyuka vizuri hugeuzwa kuwa chumvi yake, mara nyingi hidrokloridi, ili ipate chaji na maji yaipokee.

Umebaki mchanga. Mchanga mwingi ni silika, silikoni na oksijeni. Bondi zake zina ncha za umeme, na maji huulowesha vizuri, yakasambaa juu ya kila chembe. Kwa hiyo maji na mchanga havina ugomvi wowote kwenye uso. Tatizo ni kwamba chembe ya mchanga haijaundwa kwa molekuli ndogo zilizosimama karibu karibu. Ni mtandao mmoja, kila silikoni imefungwa kwa oksijeni nne na kila oksijeni kwa silikoni mbili, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kutoa kipande kimoja lazima ukate bondi halisi za kikemia, na bondi kama hizo zina nguvu mara ishirini hivi ya bondi ya haidrojeni. Maji hayana cha kulipa gharama hiyo kwa haraka.

Pamba ni mfano ninaoupenda hata zaidi. Karibu yote ni selulosi, na selulosi ni mnyororo wa glukosi, ndugu wa karibu wa sukari. Ukihesabu vikundi vya kushikana na maji utavikuta kila mahali. Kwa kanuni ya kufanana, shati la pamba lingeyeyuka kwenye mvua ya kwanza. Haliyeyuki kwa sababu minyororo imelala sambamba na kushikana yenyewe kwa yenyewe kwa bondi za haidrojeni maelfu, na mnyororo mrefu hauwezi kuachia sehemu moja ukaondoka. Lazima uachie zote. Na hata ukiachia, mnyororo mmoja mrefu unaopata uhuru hauongezi njia za kutawanyika kwa kiasi ambacho molekuli elfu moja za glukosi zilizo huru zingeongeza. Kwa hiyo pamba inanyonya maji, inavimba, lakini inabaki.

Ninaposema “haiyeyuki” chukua neno hilo kwa tahadhari. Kila kitu nilichokitaja huyeyuka kwa kiasi fulani. Kloridi ya fedha, ambayo vitabu huiandika kuwa haiyeyuki, hufika miligramu 2 hivi kwa lita. Chokaa ya mawe, yaani kalsiamu kabonati, hufika miligramu 14 hivi katika maji safi, na huongezeka sana maji yakiwa na kabonidioksidi, maana hapo kuna mmenyuko unaoigeuza kuwa bikabonati. Hata kwazi, silika iliyo katika fuwele, hutoa miligramu chache kwa lita ikipewa muda mrefu. Mapango ya miamba ya chokaa yamechimbwa na namba ndogo kama hizi zikizidishwa kwa maelfu ya miaka.

Umeuliza mwisho kuhusu maji ya moto. Lazima kwanza tutenganishe kasi na kiasi. Joto, kukoroga na kusaga huharakisha kuyeyuka kwa karibu kila kigumu, lakini kukoroga na kusaga kwa kawaida havibadilishi kiasi ambacho maji yanaweza kubeba mwishoni. Joto linaweza kukibadilisha, na mwelekeo unategemea kama kuyeyuka kunanyonya joto au kunalitoa, hasa mmumunyo unapokaribia kushiba. Naitreti ya potasiamu hunyonya joto jingi: kwa gramu 100 za maji, kwenye nyuzi 0 huyeyuka gramu 13 hivi, kwenye nyuzi 100 zaidi ya gramu 240. Chumvi ya mezani hunyonya kidogo mno, kama tulivyoona, na umumunyifu wake karibu hausogei, kutoka gramu 36 hivi hadi 39. Kalsiamu haidroksidi hutoa joto, na hurudi nyuma: gramu 1.7 hivi kwa lita kwenye nyuzi 20, chini ya gramu 1 kwenye nyuzi 100. Mmumunyo wake ulioshiba ukiupasha moto, unaona weupe ukijitokeza badala ya kupotea.

Gesi nazo, katika joto tulilozoea, huelekea upande huo wa pili. Gesi inapoyeyuka hupoteza uhuru mkubwa iliokuwa nao hewani, na joto humrudishia nguvu yule anayetaka uhuru. Maji yanayogusana na hewa usawa wa bahari hubeba miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 0, na 7.6 hivi tu kwenye nyuzi 30, ndiyo maana samaki katika madimbwi yaliyopata joto kali huja juu kutafuta hewa. Vipovu vidogo unavyoviona kwenye kuta za sufuria muda mrefu kabla maji hayajachemka si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka humo, inayotolewa na joto.